Doa la Manjano

Mama anafikicha kola ya koti langu jeupe
kwa sabuni ya kipande, kwa ndimu, kwa jivu,
na manjano hayatoki.
"Ulikwenda kusomea tiba au mapishi?"
Vyote, mama. Na bado sijajua kipimo cha chumvi.

Chumba chetu cha kazi kipo Moshi, juu kidogo ya Rau,
dirisha linatazama mlima, mlima ukitaka.
Mezani: manjano ya Muheza,
maganda ya zabibu za Dodoma, makavu kama gamba la mjusi,
chai ya kijani ya Lushoto,
na makumbi ya kahawa ya Kibosho
ambayo baba alikuwa akiyamwaga migombani
bila kuyatazama mara mbili.

Kila kimoja nilikipa zamu yake, peke yake.
Nilipozidisha, panya akaugua ini.
Nilipopunguza, uvimbe ukarudi mgongoni pake
kama mpangaji aliyesahau ufunguo.
Ndipo nikachanganya. Chembe ya hiki, tone la kile,
kidogo mno hata Dokta Lyaruu akacheka:
"Hii ni dawa au harufu?"

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunajua.
Panya hajui. Wala jedwali halipokei methali kuwa ushahidi.
Ikabidi kuhesabu: panya arobaini, taa ya urujuanimno,
wiki ishirini na sita, Krismasi nzima nikinusa vizimba.
Kwenye kizimba cha mchanganyiko
vivimbe vilikuwa vichache.
Vichache. Sikuandika "hakuna".

Lakini nyumbani nilisema kwa furaha,
na furaha haiandiki tanbihi.
Mama akamwambia Mama Elinami kwenye foleni ya maziwa,
Mama Elinami akamwambia mkwewe,
na Jumatatu Aisia, miaka tisa,
aliyezaliwa bila rangi ya kumkinga,
akaenda shule kapakwa manjano usoni hadi shingoni,
kofia imeachwa msumarini.

Ilikuwa Julai. Mawingu yameukalia mji
kama blanketi lililoloa,
na watu wanasema jua limelala.
Jua la Julai halilali, linachungulia.
Shangazi Ndeonansia naye alisema limelala,
akiuza ndizi Kiboriloni bila kitambaa,
mpaka ikaota punje nyuma ya sikio, ndogo kama harage,
ambayo tuliiita chunjua miaka miwili,
ambayo tuliizika naye.

Nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba,
nikaenda nalo kwa kina Elinami, nimelishika kwa mikono miwili.
Sikueleza habari za panya.
Nilisema: nimekosa. Nilisema mapema.
Bibi wa mtoto akalipokea, akaligeuzageuza.
"Kwa hiyo haifanyi kazi?"
Sijui, nikasema. Hilo ndilo jibu zima.
Nikamfuta Aisia kwa kitambaa chenye maji, polepole,
masikio yamekwisha kuwa mekundu.
"Panya wako wanavaa kofia?"
Hawavai.
"Basi nimewashinda."

Niliporudi koti lilikuwa kambani.
Mama kachoka kufikicha, kaliacha uani tangu asubuhi,
mawingu na yote.
Kola nyeupe. Nyeupe kabisa.
Jua lile lililolala
limekula manjano yote kwa siku moja.

Nikasimama pale hadi ng'ombe wa jirani akaanza kudai majani.
Kisha nikatafuta daftari, nikafungua ukurasa mpya:
Manjano hayavumilii jua.
Yatafutiwe mwenzi wa kuyafunika.
Na chini yake, kwa herufi kubwa, kwa ajili yangu mwenyewe:
KOFIA.